Sakafu Inateleza: Tafuta Chanzo Kabla ya Kung'oa Vigae

Simu za utelezi huanza kwa namna moja: "Fundi, njoo uone, tunataka kung'oa marumaru zote." Nikifika naomba ndoo ya maji safi, brashi ngumu na kitambaa cheupe, na mara nyingi nyundo hubaki kwenye begi. Natunza nyumba za wageni na hoteli ndogo za pwani, Kigamboni na mashariki ya Unguja, na huko kigae ndicho kinacholaumiwa kwanza kila mtu anapoanguka.

Ukikanyaga sakafu yenye maji, tabaka jembamba la maji hubanwa kati ya wayo na sakafu. Sakafu yenye mkwaruzo hulitoboa tabaka hilo, mguu ukashika. Sakafu laini hailitoboi, mguu unabaki kama unaelea. Lakini hata sakafu yenye mkwaruzo wake mzuri hushindwa pale vitundu vyake vinapojazwa na kitu: sabuni, mafuta, mwani, chokaa ya maji, vanishi. Ndiyo maana utasikia, "Mbona mwaka jana hapakuwa hivi?" Kigae ni kilekile. Kilichobadilika ni kinachokaa juu yake.

Kabla hujanunua chochote

Muulize kila aliyeanguka au aliyenusurika mambo matatu: palepale wapi, saa ngapi, na mguuni alivaa nini. Andika kwenye daftari. Watu watatu wakianguka mahali pamoja, kagua mahali hapo. Wakianguka sehemu tofauti lakini saa zilezile, angalia nini hufanyika muda huo: deki, kumwagilia maua, watoto kutoka shule, wageni kutoka kukandwa mafuta.

Kisha fanya majaribio manne. Hayagharimu kitu.

1. Kitambaa cheupe. Sakafu ikiwa kavu, futa kwa nguvu mahali panapoteleza, kisha futa kwa kitambaa kingine mahali pasipoteleza, ulinganishe. Kijani au cheusi ni mwani na kuvu. Kijivu chenye kunata ni mabaki ya sabuni na jasho. Doa linalong'aa kama karatasi iliyofungiwa maandazi ni mafuta.
2. Tone la maji. Likisimama duara kama shanga badala ya kutandaa, sakafu ina mafuta, nta au vanishi.
3. Maji matupu na brashi. Mwaga maji bila sabuni yoyote, sugua. Povu likitoka, hiyo ni sabuni ya jana na ya juzi.
4. Kikombe cha maji. Mwaga, simama, tazama yanaelekea wapi na yanakwama wapi.

Usipime kwa kutembea juu ya maji uone kama utaanguka. Shika kitu imara, mguu mmoja ukae pakavu, na kisigino cha mguu mwingine ukisukume taratibu.

Kibao cha njano cha tahadhari kiweke, ni vizuri. Ila nimeona kibao kilichokaa mahali pamoja miaka miwili hadi kikapauka kwa jua. Wafanyakazi walikuwa wanakizunguka kama nguzo ya nyumba.

"Tangu masika, pale kivulini pamekuwa kama ute wa bamia"

Hili ndilo lalamiko la kwanza kwa wingi pwani, hasa kuanzia Aprili, na hurudi tena baada ya vuli. Chanzo karibu kila mara ni mwani. Mwani unahitaji unyevu, mwanga kidogo na kitu cha kula, na kona yenye kivuli cha mkungu au ya paa la makuti linalodondosha maji siku nzima inaupa vyote hivyo. Ukikauka unaonekana kama doa jeusi tu la uchafu, mtu haushuku. Ukilowa tu, unavimba na kuwa ute.

Angalia kwanza unyevu unatoka wapi wakati mvua haipo. Bomba la bafu la nje linalovuja tone tone. Maji ya kiyoyozi yanayomwagwa ukutani. Vyungu vya maua vinavyofurika kila jioni. Hivi vitatu nimevikuta mara nyingi kuliko mvua yenyewe, na usipoviziba, dawa yoyote utakayomwaga ni kazi ya kurudia kila wiki.

Kuondoa: fagia kwanza pakavu, ukwangue mwani mnene kwa brashi. Changanya sehemu 1 ya jiki na sehemu 4 au 5 za maji, mwaga, acha dakika 10 hadi 15 bila kuacha pakauke, sugua, suuza kwa maji mengi. Fanya hivi asubuhi kabla ya watu, na elekeza maji ya kusuuzia kwenye mfereji, si bwawani wala kwenye mizizi ya maua. Vaa glavu na viatu vya mpira; wewe unayesugua ndiye uko kwenye utelezi kuliko wote. Baada ya hapo punguza matawi jua lifike hata saa mbili tatu kwa siku. Jua la pwani ni dawa ya bure.

Ikiwa mwani unarudi ndani ya siku chache kwenye viungo tu, grauti, ile saruji ya kujazia kati ya vigae, imelika na maji yanajificha humo. Chokonoa, kausha, jaza upya. Mashine ya maji ya presha inasaidia, ila ukiisogeza karibu mno inatoboa grauti na kuondoa uso wa saruji, na sakafu iliyochunika hukusanya mwani haraka kuliko ilivyokuwa.

Simama hapa. Usichanganye jiki au klorini ya bwawa na asidi yoyote, ikiwemo dawa ya kusafishia choo na siki. Hutoka gesi ya klorini, na kwenye chumba kidogo cha pampu inaua. Usichanganye na dawa yenye amonia. Hata klorini mbili za aina tofauti, ile ya unga na ile ya vidonge, zisikutane kwenye kopo moja. Zinaweza kuwaka moto. Dawa hutiwa kwenye maji, maji hayamwagwi juu ya dawa.

"Inateleza zaidi ikishapigwa deki"

Nyumba moja ya wageni, baraza la vigae kati ya bafu la nje na vyumba. Wageni wawili walikuwa wameanguka wiki moja. Dada wa usafi alinipokea akiwa ameudhika, kwa kuwa lawama zote zilimwangukia yeye. "Fundi, mimi hapa napiga deki mara mbili kwa siku. Na sabuni siionei huruma." Nikamwomba maji matupu, nikamwaga kikombe kimoja, nikasugua duara dogo kwa brashi. Povu likapanda jeupe, likafika vifundoni mwa nywele za brashi. Akalitazama. "Hiyo siyo ya leo," akasema, "leo bado sijapiga." Tukasugua kigae kimoja kizima kwa maji ya moto, tukasuuza mara tatu. Kigae kilichobaki katikati kilionekana cheupe kuliko wenzake kama jino la dhahabu, na mguu ulipokishika, ulishika.

Alikuwa mfanyakazi mzuri kuliko wote pale. Kosa lilikuwa kwenye ndoo.

Vyanzo, kuanzia kinachotokea zaidi: sabuni nyingi kupita kipimo, ndoo moja inayotumika kusugulia na kusuuzia, tambara la deki lenye mafuta ya jikoni kupitishwa barazani, na mwisho, dawa za kung'arisha sakafu zenye nta ambazo mtu alizinunua kwa nia njema. Maji ya chumvi ya visima vya pwani huzidisha tatizo, maana sabuni haitoi povu vizuri humo, mtu anaongeza, na mabaki yanaganda na chokaa.

Tiba ni maji ya moto bila sabuni, brashi, suuza, rudia hadi maji matupu yasitoe povu tena. Kwenye sakafu iliyoachwa muda mrefu inaweza kuchukua siku mbili tatu. Kisha ndoo mbili, moja ya sabuni kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, moja ya maji safi. Tambara la jikoni liwe na rangi yake na libaki jikoni. Ukimaliza, sukuma maji kwa fagio la mpira hadi mferejini badala ya kuyaacha yajikaukie. Nusu ya deki ni kukausha.

Kama kuna nta au king'arishi, sabuni ya kawaida haikitoi. Kuna dawa yake ya kubandua. Jaribu kwanza kona isiyoonekana.

"Asubuhi pako sawa, ikifika saa nane mchana watu wanaanguka"

Sasa tuko ukingoni mwa bwawa. Cha kwanza ni mafuta ya mwilini: ya kujikinga na jua, ya nazi, ya kukandwa. Mgeni anajipaka akiwa amelala kitini, anaweka nyayo chini, anatembea hadi majini. Njia hiyo hiyo inapitwa na watu 30 kabla ya alasiri. Tazama jua likiwa limeinama: utaona njia yenyewe inang'aa kuanzia vitini hadi ngazi za bwawa. Tone la maji litasimama kama shanga.

Sugua njia hiyo kila jioni kwa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo iliyochanganywa kidogo, kisha suuza hadi povu liishe, usije ukahamia kwenye tatizo lililotangulia. Hamisha viti vya kukandia mbali na ukingo. Weka bafu la nje mahali ambapo mtu lazima alipite kabla ya kuingia majini.

Cha pili ni kina cha maji. Bwawa likijazwa hadi mdomoni, kila anayeruka anamwaga maji nje. Yapunguze hadi katikati ya mdomo wa skima, lile tundu la ukutani linalovuta maji ya juu. Cha tatu ni mchanga wa ufukweni. Kwenye kigae laini chembe za mchanga hubingirika chini ya wayo kama golori. Beseni la kuoshea miguu mlangoni hulimaliza, mradi maji yake yabadilishwe. Beseni la maji ya juzi nalo ni shamba la mwani.

Ukishasafisha yote haya na bado panateleza, hapo ndipo nakubali kumtazama kigae mwenyewe. Vigae vingi vinavyouzwa kwa bei nzuri ni vya sebuleni. Vinang'aa, vinapendeza, na vikilowa havifai hata hatua tatu. Dukani utaoneshwa herufi R na namba, R9 hadi R13, na muuzaji atakwambia R11 haitelezi. Kipimo hicho hufanywa na mtu aliyevaa viatu, juu ya mafuta, kwenye ubao unaoinuliwa. Hakimsemei mtu aliye peku. Kwa bwawa ulizia kipimo kingine cha Wajerumani, cha A, B na C: mtu husimama peku juu ya kigae kilichomwagiwa maji ya sabuni, ubao ukainuliwa hadi aanze kuteleza. A ni angalau nyuzi 12, B nyuzi 18, C nyuzi 24. A inatosha chumba cha kubadilishia nguo. B ni ya mabafu ya pamoja na pembeni mwa bwawa. C ni ya ngazi zinazoingia majini na sakafu za mteremko. Waingereza wao hutumia kifaa chenye mkono wa kubembea kinachogusa sakafu iliyolowa. 36 kwenda juu ndiyo namba ya kuridhika nayo.

Kama muuzaji hajui, omba kigae kimoja, kilaze dukani, mwagia maji na tone la sabuni, vua kiatu, ukikanyage umeshika meza. Nimefanya hivyo mara nyingi. Wanacheka, lakini wanakuja kutazama.

Kigae kibaya kilichokwisha kujengwa si lazima king'olewe. Kuna tepu ya kukwaruza inayobandikwa kwenye njia na kingo za ngazi. Hushika kwenye uso mkavu usio na mafuta, na hubanduka pembe kwanza, kwa hiyo kata pembe ziwe duara. Kuna rangi ya epoksi yenye mchanga laini, nzuri kama kigae kimekwanguliwa msasa vizuri na kukaushwa kabisa, aibu tupu kama kimepakwa haraka haraka.

Simama hapa. Kuna dawa za kutia mkwaruzo kwa kukila kigae. Baadhi zina asidi ya hidrofloriki au ndugu zake. Asidi hiyo hupita ngozi, mara nyingine bila maumivu mwanzoni, ikashambulia kalsiamu ya mwili na kuweza kusimamisha moyo. Usiimwage wewe, usimpe kijana wa bustani aimwage. Tafuta mtaalamu mwenye vifaa na anayekuonesha karatasi ya usalama ya dawa yake. Hata asidi ya kawaida ya kusafishia saruji isiguse terazo, marumaru ya jiwe wala mawe ya matumbawe. Yote yana chokaa ndani, na asidi huila chokaa.

"Maji yanatuama, hayaondoki"

Fungua kifuniko cha mfereji. Nywele, majani, mchanga, kipande cha sabuni, soksi ya mtoto. Toa kwa mkono ulio na glavu, mwaga ndoo nzima kwa mara moja usikie kama inashuka. Hapo saba kwa kumi huwa nimemaliza kazi, ingawa namba hiyo ni ya kichwani mwangu, sijawahi kuihesabu.

Kama mfereji uko wazi na maji bado yanabaki, chora mpaka wa dimbwi kwa chaki saa moja baada ya kumwaga. Weka ubao mnyoofu wa mita 2 na pimamaji juu yake. Sakafu ya nje inataka mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, kwa hiyo kwenye ubao wako tofauti iwe sentimita 2 hadi 4, ikielekea mferejini, si bwawani. Mafundi wengi wa nyumba hunyoosha sakafu kwa fahari, iwe sawa kama meza. Sebuleni sawa.

Dimbwi dogo unaweza kulikatia kimfereji chembamba hadi penye mteremko, au kung'oa vigae vichache na kutandika upya. Dimbwi linalozidi kukua mwaka hadi mwaka ni jambo jingine. Gonga vigae kwa mpini wa bisibisi: vinavyolia vitupu vimeachana na saruji. Kisha pima kama bwawa linavuja. Jaza ndoo maji ya bwawa, iweke kwenye ngazi ya kwanza ndani ya bwawa, tia alama ya kimo cha maji ndani ya ndoo na nje yake, rudi baada ya saa 24. Bwawa likiwa limeshuka kuliko ndoo, maji yanaenda chini ya ardhi, na sakafu inakalia udongo unaochukuliwa.

Simama hapa. Vigae vitupu, nyufa mpya na bwawa linaloshuka vikikutana, funga eneo hilo kwa kamba na umwite fundi wa mabwawa na mhandisi. Kutandika vigae vipya juu yake ni kuficha.

"Ngazi za ndani ya maji zina ute"

Pima maji kabla ya kusugua. Klorini huru, ile ambayo bado ina nguvu ya kuua vijidudu, iwe miligramu 1 hadi 3 kwa lita, na pH, kipimo cha ukali wa asidi ya maji, kati ya 7.2 na 7.8. pH ikipanda, klorini unayoiona kwenye kipimo inafanya kazi kidogo, na ute unaanza kwenye ngazi na pembe ambazo maji hayazunguki. Rekebisha maji, sugua ngazi kwa brashi ya nailoni kila siku kwa wiki, elekeza mdomo mmoja wa maji yanayorudi upande wa ngazi. Kingo za ngazi ziwe na mstari wa rangi tofauti, maana wengi hawatelezi kwa ute bali hukosea ngazi ya mwisho wasiyoiona kwenye mwanga wa maji.

Tikisa mshikio wa chuma. Ukicheza hata kidogo, uzuie usitumike hadi utengenezwe.

Simama hapa, na hili usilijaribu mara ya pili. Mtu akisema ngazi ya chuma au maji yanamtekenya, huo ni umeme. Waambie walio majini watoke mbali na vyuma. Zima swichi kuu ukiwa mahali pakavu. Usiruke majini kumwokoa mtu kabla umeme haujazimwa. Fundi umeme mwenye leseni akague pampu, taa za majini na waya wa ardhi, na kama hakuna kifaa cha kukata umeme unapovuja cha miliampea 30, akiweke kabla bwawa halijafunguliwa tena.

"Bibi ameanguka bafuni"

Mabwawa yana watu wa kuyasimamia. Bafu la nyumbani halina mtu, na ndilo linalovunja nyonga za wazee wetu. Ningekuwa na siku moja tu ya kutengeneza utelezi, ningeimalizia bafuni.

Anza na ndala. Igeuze. Kama kisigino kimeliwa hadi kimekuwa laini na kucha yako haipati mstari wa kukwama, hiyo ndala imeshakufa, hata kama juu bado inang'aa. Ndala za bafuni katika nyumba nyingi ni zile zilizostaafu kwingine, ndiyo maana. (Wazee wa Unguja walivaa mitalawanda, viatu vya mti, bafuni. Sauti ya mti kwenye sakafu ilikuwa pia hodi. Ulijua mtu yuko ndani. Lakini mti uliolowa juu ya kigae cha leo, hapana.)

Kisha kilicho sakafuni. Taulo kuukuu au gunia lililotandikwa mlangoni huteleza pamoja na mtu. Weka mkeka wa mpira wenye matundu na vikombe vya kunyonya chini, na kila wiki uning'inizwe ukauke, maana chini yake kuvu huota. Vikombe hivyo havishiki kwenye saruji, vinahitaji kigae laini. Mtu asijipake mafuta akiwa bafuni. Ajipake akiwa amekaa kitandani. Maji ya kumwogesha mtoto yenye mafuta ya nazi yasuuzwe kabla mtu mwingine hajaingia.

Sakafu ya niru ni kesi yake. Fundi hunyunyiza unga wa saruji juu ya zege bichi na kuupiga mwiko wa chuma mpaka unang'aa. Ni rahisi kusafisha, ni nzuri machoni, na ikilowa sabuni ni barafu. Huhitaji kuivunja. Idonoe kwa patasi ipate meno, ilowanishe, paka saruji na gundi yake, kisha tandika tabaka jembamba la mchanga na saruji, na kabla halijakauka pitisha ufagio kukata mistari inayokatiza njia ya kutembea. Mistari iwe midogo. Ikizidi inaumiza nyayo za wazee na kuhifadhi uchafu.

Mshikio wa ukutani usiwe ule wa kutundikia taulo. Bomba la chuma la inchi 1 lina unene unaojaa kiganja vizuri. Kwenye ukuta wa tofali zenye tundu, misumari ya plastiki itachomoka siku bibi atakapouning'inia. Toboa hadi upande wa pili, ufunge kwa bolti na bamba. Ujaribu kwa kuning'inia wewe mwenyewe. Kiti cha plastiki cha kuogea kiwe kizima miguu yote minne. Na taa: usiku ndiyo saa ya kwenda chooni, na balbu ya bafuni ndiyo inayochelewa kubadilishwa.

Mahali pa udhu panahitaji neno lake. Mtu anaosha mguu mmoja akiwa amesimama kwa mwingine uliolowa, tena wakati watu ni wengi na wana haraka. Vikalio vya saruji mbele ya mabomba, bomba la kushikia ukutani, mfereji uliosuguliwa kila siku, na zulia la mlangoni linaloanikwa. Panapokosekana kikalio, wazee hushikilia bomba la maji lenyewe, nalo hulegea.

"Mawe ya asili hayatelezi, mbona haya yanateleza?"

Mawe ya Mazeras na Galana kutoka Kenya yana mkwaruzo mzuri kwa mguu uliolowa, ndiyo maana yamejaa pembeni mwa mabwawa. Kisha mwenye nyumba anayapaka vanishi yang'ae kama yamelowa, na mkwaruzo wote unazikwa. Ondoa vanishi kwa dawa ya kubandua, acha jiwe lipumue. Mbao nazo: brashi kufuata mistari yake, mwani utoke, mafuta ya mbao kidogo sana na yakauke kabisa kabla ya mtu kupita.

Mtu ameshaanguka

Usimvute kumsimamisha. Akiwa analalamika shingo au mgongo, au haisikii miguu, asisogezwe mpaka msaada wa kitabibu ufike, ila tu kama uso wake uko majini. Mguu ulioonekana mfupi na kupinda nje baada ya mzee kuanguka ni dalili ya nyonga kuvunjika. Hospitali, akiwa amelala. Aliyegonga kichwa akitapika, akisinzia isivyo kawaida, akichanganyikiwa, au akitoka maji au damu puani au masikioni, hospitali mara moja, hata kama nusu saa iliyopita alikuwa anacheka. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aende hata bila dalili.

Akishapelekwa, mzuie mtu wa deki. Kila mara huja mbio na ndoo, kwa huruma, na anasafisha jibu lote. Piga picha ya mahali, chukua ndala alizovaa, na upitishe kitambaa cheupe pale kisigino kilipoachia.